Hodi Tatu za Upepo

Mdogo wangu alipewa na baba yetu jina zuri tu, la heshima, lakini ukilitaja mtaani kwetu watu watakuuliza ni nani huyo. Sema Upepo, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo hakulipata kwa mbio. Alilipata kwa kupita pasipopitika: dirisha la choo, uwazi wa juu ya mlango, tundu ambalo fundi alisahau kuliziba. Watu wanaamka asubuhi, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, redio haipo. "Kumepita upepo," wanasema, wanacheka, halafu wanakumbuka redio ilikuwa ya nani wanaanza kulia.

Mwisho wa yote upepo nao ukakamatwa. Akafungwa miaka ya kutosha mwanawe kuota meno, kuyang'oa na kuota mengine.

Alipotoka nilimchukua mimi. Wala msinisifu kwa huruma. Mimi ni dobi. Nina chumba cha kufulia, chumba cha pasi na kamba za kuanikia uani, na yule aliyekuwa akipeleka nguo kwa wateja alikuwa ameniacha akaenda kuoa mbali. Nilihitaji miguu. Wateja waliposikia nimemweka nani, walikuja juu.

"Dobi, unamtuma mwizi milangoni kwetu?"

"Milango yenu anaijua tangu zamani," nikawajibu. "Angalau hatapotea njia."

Wachache walihamia kwa dobi wa sokoni, yule anayeunguza kola. Waende salama.

Nami nilikaa macho kodo nikingoja wizi. Nilidhani utaanza na vifungo, uje mashati, umalizie na pasi yangu mwenyewe. Haikuwa hivyo. Tatizo lililokuja sikuwahi kuliota: nguo zilikuwa zinarudi.

Shuka za mwenye duka la dawa zikarudi, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja.

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo. Nilisikia redio."

"Sasa?"

"Nilipiga hodi tatu, hakuitika. Nikaondoka."

"Si ungesukuma mlango ukaziweka kwenye kiti!"

"Siingii, dada."

"Nani kakwambia uingie? Nimesema usukume."

"Kusukuma ndiyo kuingia," akasema, na kwa sura yake hakuwa anatania.

Ikawa ndiyo kazi. Anapiga hodi, anangoja. Anapiga ya pili, anangoja. Ya tatu, anangoja kidogo zaidi, kisha anageuka. Na hasimami mbele ya mlango kama binadamu wengine. Anakaa pembeni, amegeuza uso kuelekea barabarani, ili mlango ukifunguliwa macho yake yasiwe ya kwanza kuingia. Mama mmoja mkunga, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kunishitakia huku anacheka: "Dobi, nimefungua mlango nikamkuta kijana wako anautazama ukuta wangu kama anataka kuununua!"

Hata kwangu ni hivyohivyo. Niko chumba cha pasi, peke yangu na mvuke, mlango hauna hata komeo. Nasikia, "Hodi."

"Ingia bwana! Pasi haijavua nguo!"

Nilimuuliza kayatoa wapi haya. Akasema gerezani. Nikamwambia gerezani hakuna hodi, mlango anafungua askari akitaka. Akasema, "Ndiyo maana," akachukua furushi lake akatoka. Mdogo wangu akitaka kukukera anakupa maneno mawili anaondoka na mengine.

Mimi jambo nisilolielewa huwa linaniwasha kama upupu. Nikachukua viatu vyangu vilivyoachama, nikaenda kwa ustadhi. Huyo ndiye aliyekuwa akienda gerezani kila wiki kuwafundisha dini wafungwa. Siku nyingine zote anashona viatu kwenye kibanda karibu na kituo cha maji. Nilimkuta ana misumari mdomoni, nikamngoja aiteme.

"Ustadhi, ulimpa nini ndugu yangu?"

"Nani, Upepo? Sikumpa kitu. Nilifundisha adabu za kuingia nyumba za watu. Somo la watoto wadogo hilo. Unabisha hodi, unatoa salamu, unangoja. Mara tatu. Wasipokuitikia unarudi, na hununi."

"Basi?"

"Basi. Wenzake walisinzia. Yeye akanyoosha mkono. 'Na kama mlango uko wazi?' Nikamwambia hata ukiwa wazi. 'Na kama wenyewe hawapo?' Nikamwambia hapo ndiyo kabisa. Akafikiri, akanyoosha tena. 'Na dirisha?' Darasa zima likaangua kicheko, hata askari akachungulia. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata akaja na maswali mengine, ya paa, ya ua, ya nyumba inayojengwa. Mwezi mzima nilifundisha milango kwa ajili ya mtu mmoja."

"Kwa hiyo dini ndiyo imembadilisha."

"Usinilishe maneno, mama. Darasa hilohilo lilikuwa na mwingine, wenzake wakimwita Swalihina. Hakosi swala, hakosi funga, paji la uso limeota sugu. Alitoka muda uleule na ndugu yako. Sasa hivi yuko ndani tena."

"Kwa kosa gani?"

"Ameiba kipaza sauti cha msikiti."

Nilicheka mpaka nikashika meza yake. Yeye alitikisa kichwa tu, kama mtu ambaye kipaza hicho bado kinamuuma.

"Sasa tofauti yao ni nini, ustadhi? Somo moja, mwalimu mmoja."

"Ningeijua," akasema akirudisha misumari mdomoni, "ningeifundisha."

Nikarudi nyumbani na soli mpya, na swali langu liko palepale.

Sasa niwaambie mdogo wangu alikuwa anataka nini, maana watu wakisikia ametulia walidhani ametosheka. Alikuwa anataka mkewe na mwanawe. Wifi yangu, baada ya mumewe kufungwa, alirudi na mtoto kwa mama yake, bibi mmoja ambaye majirani wanamwita Kamanda, naye analijua jina hilo na linampendeza. Kamanda alikuwa na haki ya kukasirika. Siku za nyuma mkwe wake alimletea jokofu, zawadi, jeupe, linanguruma vizuri. Akalishangilia, akawaonyesha majirani. Baada ya muda polisi wakaja wakalibeba, mboga zake zikiwa ndani, na yeye mwenyewe wakambeba wakamhoji kituoni hadi jioni. Bibi wa watu, hajawahi hata kugombana na mpimaji wa umeme. Aliporudi alimwita fundi wa kuchomelea akamtengenezea nondo za madirisha na mlango wa chuma, una kitasa kizito, na kwa ndani kufuli lililofichwa nyuma ya kitundu cha kupitisha mkono. Akatangaza: huyo mtu haingii humu nikiwa hai.

Na Upepo kila Ijumaa, akitoka msikitini, anakwenda kusimama kwenye mlango huo. Hodi tatu. Hakuna anayeitika. Anarudi kazini kwangu, hanuni, anachukua furushi.

"Unapata nini kule?" nikamuuliza.

"Sijapata."

"Sasa unaendea nini?"

"Hodi, dada."

Ijumaa moja nikaona liwalo na liwe, namfuata. Nikabeba mashati ya mteja yaliyotundikwa kwenye waya, ili nikionekana nionekane niko kazini, nikajibanza nyuma ya karo la kufulia la jirani. Nikamwona mdogo wangu anafika, anajipangusa vumbi, anakaa pembeni mwa mlango, uso barabarani.

"Hodi." Kimya.

"Hodi, mama." Kimya.

"Hodi hapa."

"Hakuna mtu!" sauti ikatoka ndani.

Nilijiziba mdomo. Nikajua sasa atageuka. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza saa.

"Mama, sauti yako inatoka chini."

"Inatoka mdomoni. Nenda zako."

"Siku zote ukikohoa unakohoa ukiwa kwenye kiti cha dirishani. Leo uko sakafuni, upande wa jikoni."

"Nimelala. Siruhusiwi kulala kwangu?"

Nikatoka mafichoni, mashati yananing'inia. Upepo hakushtuka hata kidogo. Mtu aliyewahi kuishi kwa masikio huwezi kumfuata asijue.

"Shikamoo mama, ni mimi dobi."

"Marahaba. Leo mmekuja ukoo mzima?"

Hapo ndipo nami nikanusa. Kitu kilikuwa kinaungua.

"Mama, kuna sufuria jikoni?"

"Kuna maharage, na yanaungua, pua ninayo."

"Si uinuke uyatoe?"

"Ningeweza kuinuka ningekuwa nazungumza na nyinyi?"

Ikajulikana. Alikuwa amepiga deki, akateleza, na tangu kabla ya adhuhuri mguu mmoja ulikuwa umekataa amri yake. Simu iko kwenye kabati. Wifi yuko kiwandani anakoshona sare, mtoto yuko shule.

Nilipiga kelele, na kwetu ukipiga kelele hukosi watu. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ng'ambo, fundi mwashi aliyestaafu, na nyundo yake ambayo haijastaafu. Akaupiga mlango kwa nguvu zote. Nyundo ikadunda ikakaribia kumrudia usoni.

"Wewe fundi!" Kamanda akafoka kutoka sakafuni. "Usinikwaruzie mlango!"

Fundi akaitazama nyundo, akamtazama Upepo. "Jamani, tunahangaika bure na mwenye kazi yake yuko hapa."

Wote tukamtazama. Uso wake ulikuwa umepauka. Akasogea karibu na kitundu.

"Mama, naweza kuufungua. Niruhusu."

"Thubutu!"

Nilimrukia. "Mpumbavu wewe! Mama wa watu anaungua na maharage yake, unaomba ruhusa? Fungua!"

"Dada, moshi bado mwembamba. Ukigeuka mzito nitaingia bila kuomba, na ustadhi alitufundisha penye hatari mtu hangoji hodi. Lakini bado ana akili zake na ulimi wake. Mwache aseme mwenyewe."

Akaketi chini, mgongo kwenye mlango. Kwa ndani, nadhani, yule mama naye alikuwa amejikokota, maana sauti yake sasa ilikuja kutoka palepale mgongoni kwake. Nami nilikaa karibu. Sikutaka kukosa neno.

"Nikuulize," Kamanda akasema. "Huko mlikokuwa mlikuwa mnaswali kweli, au mlikuwa mnawaogopa askari?"

"Mwanzo sikuwa naswali. Nilikwenda kwa sababu chumba cha kuswalia kilikuwa na feni."

Fundi mwashi akaguna. Nikamkanyaga.

"Angalau hapo husemi uongo. Halafu?"

"Halafu nikasikia somo la hodi. Mama, mimi nimeingia nyumba nyingi, na hakuna hata moja ambayo mtu aliniambia karibu. Nikawa nalala nawaza, hivi ingekuwaje mtu akaniambia?"

"Kwa hiyo umetakasika."

"Sijui. Nikiona dirisha halijafungwa vizuri, mikono bado inaniwasha. Juzi nilipita pa mwenye duka la dawa nikajua papo hapo pa kuweka mguu."

"Ya Rabi!" nikasema. Huyo ni mteja wangu.

"Sasa hizo swala zimekusaidia nini?" Kamanda akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa kugomba. Aliuliza kama anataka kujua, kama mimi nilivyokuwa nataka kujua tangu siku ya shuka.

Upepo alifikiri. "Zamani nilikuwa nikiona, nimeshaingia. Hapo kati hapakuwa na kitu. Sasa pana hodi. Nasimama kwenye hiyo hodi, nangoja. Wakati mwingine nangoja hata kama siko mlangoni kwa mtu. Nangoja mpaka kuwashwa kupite. Yapo mambo mengine wenzangu waliyapata kwenye dini, mimi nimepata hilo tu."

Maharage yalikuwa yamefika mahali pa kukohoza. Kamanda akakohoa, akapumua.

"Ingia basi, kabla sijawa mkaa. Na vijiko vyangu navijua."

Aliruka kama aliyechomwa. "Dada, nipe waya mmoja." Nikavua shati kwenye waya, nikampa. "Geukeni wote," akasema. Fundi akageuka. Mimi sikugeuka, ningegeuka vipi? Lakini sikuona kitu ila mgongo. Nilisikia kufuli likiachia, kisha kitasa, na kabla sijameza mate mlango wa chuma ulikuwa umefunguka kama pazia.

Alisimama kizingitini, akatoa salamu. Na moshi wote ule! Kamanda akaitikia kwa kifua kinachokwaruza, ndipo mdogo wangu akapita, akaepua sufuria, akafungua dirisha, akarudi na mto akauweka chini ya mguu. Mimi nikamtuma fundi akatafute gari la kwenda hospitali.

Kamanda hakuwa anautazama mguu wake. Alikuwa anautazama mlango.

"Umetumia muda gani?"

"Mama, tuangalie mguu."

"Nimekuuliza."

"Si muda."

"Na zile Ijumaa zote? Ungeweza?"

"Ndiyo, mama."

"Na usiku, tumelala?"

"Ndiyo."

Bibi akageuza macho kwenye kiti chake cha dirishani. Nilimwona anazipitia moja moja kichwani zile Ijumaa, yeye kwenye kiti chake amejibana nyuma ya chuma anajiona salama, na nje mtu ambaye chuma hicho kwake ni karatasi, amesimama kando anatazama barabara. Aliufuta uso wake kwa ncha ya kanga.

"Fundi wa kuchomelea," akasema hatimaye, "aliniapia kwa mama yake mzazi."

Wifi yangu alifika kabla gari halijapatikana, maana mkewe fundi alikuwa amempigia simu. Alikuja mbio, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Akamkuta mama yake juu ya mkeka, mlango uko wazi, na mumewe katikati ya nyumba ameshika kitambaa cha maji. Upepo akainuka haraka.

"Nilikuwa natoka."

"Nimemruhusu mimi," Kamanda akasema. "Na nimeamua. Kile chumba cha nyuma kina nafasi. Aje akae na mkewe na mwanawe."

Nilitaka kupiga vigelegele. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Wifi akaniangalia, nikaufunga.

"Mama, ngoja," akasema. "Ijumaa zote hizi alikuwa anakubishia wewe. Mimi nani alinibishia?"

Akajipangusa uzi kwenye gauni.

"Anakuja saa ambayo anajua niko kazini. Mtaa mzima unaniambia mumeo jamani kawa mcha Mungu, anapiga hodi kwa adabu. Kwa mama! Mimi ndiye niliyelala na mtu nisiyejua usiku anakwenda wapi. Mimi ndiye ambaye mwanangu aliniuliza shuleni aseme baba yake anafanya kazi gani." Akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukuja jioni hata siku moja?"

Mdogo wangu alikuwa anakamua kile kitambaa ingawa maji yalikuwa yameshakwisha.

"Niliogopa," akasema. "Mama akinifukuza, ni mama, nitarudi Ijumaa. Wewe ukinifukuza ndiyo imetoka."

"Na huko kwa Mungu wako hawakufundisha kuogopa vizuri?"

"Walifundisha. Hilo sijalijua bado."

Mie nilisimama pale na shati la mteja mkononi, halina waya, limeshakunjamana, na nikaona kitu nilichokuwa sijakiona. Nilidhani hodi zile zilikuwa ushujaa. Nyingine zilikuwa ushujaa. Nyingine zilikuwa kujificha, kusimama kwenye mlango mgumu ili asisimame kwenye mlango mgumu zaidi. Ustadhi hakuniambia kwamba mtu anaweza kuitumia ibada kwa mambo yote mawili kwa pamoja. Labda alijua, labda hata yeye angefurahi kuambiwa.

Gari likaja. Tukambeba Kamanda, Upepo upande wa mguu mbovu, fundi upande mwingine, bibi anatoa maelekezo njia nzima kana kwamba linabebwa kabati. Wifi alipopanda alichungulia dirishani.

"Leo nina mama wa kumuuguza," akamwambia mumewe. "Jumapili mchana nitakuwepo. Mtoto atakuwepo. Uje. Sikuahidi kitu."

"Nitakuja."

"Na usisimame kwa pembeni. Nataka kukuona uso."

Jumapili nilimpigia pasi shati lake mimi mwenyewe, kwa wanga, kola ikasimama wima. Sikumfuata. Nasema kweli, sikumfuata, ingawa miguu ilinisumbua kutwa. Nilipika chakula cha watu wawili, nikala cha mtu mmoja.

Alikuja Jumatatu asubuhi kuchukua godoro lake.

"Ehe!" nikamwambia. "Ulisema nini?"

"Sikusema sana. Aliuliza yeye, mimi nikajibu."

"Aliuliza nini?"

"Kila kitu, dada. Nyumba zote. Moja baada ya nyingine, mpaka jua likazama."

"Na ukajibu?"

"Nikajibu."

"Zote?"

"Zote. Zingine alilia, zingine alinitukana. Kesho ana mengine. Amesema nikae kule chumba cha nyuma mpaka yaishe maswali, halafu ndiyo ataamua."

"Yataisha lini?"

Akainua mabega. Nikamshikia upande mmoja wa godoro, tukalitoa kwa shida, maana mlango wangu mwembamba na godoro lilikuwa limevimba kwa mvuke wa pasi.